Kabla ya kuhamia nyumba uliyoijenga: nini kijaribiwe, kwa mpangilio gani, na hela ya mwisho ya fundi itoke lini

Rangi ya mwisho ikikauka tu, presha ya kuhama inaanza. Kodi ya nyumba ya kupanga inakaribia kuisha, watoto wameshagawana vyumba, na mafundi wanataka kumaliziwa chao waende saiti nyingine. Ndipo kasoro za ujenzi zinapofunikwa na makabati, mazulia na vitanda, zije zionekane miezi mitatu baadaye wakati fundi hapokei tena simu.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya chini, vyumba vitatu au vinne, kama zinazoota kila siku Goba, Madale, Kigamboni na Chanika, Dar es Salaam: mwenye nyumba ananunua vifaa mwenyewe na kulipa ufundi kwa hatua. Tenga wiki nne kati ya siku mafundi wanaposema wamemaliza na siku gari la vyombo linapofika. Majaribio ya maji huchukua siku nzima kila moja, kinachofeli kinabomolewa na kurudiwa, na plasta mpya lazima ikauke tena kabla ya rangi. Wiki moja haitoshi, hata fundi aape.

Hela ya mwisho

Kinachomrudisha fundi saiti ni hela yake iliyobaki kwako. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi huzuiwa asilimia 5 hadi 10 mpaka kipindi cha matazamio, yaani cha kuangalia kasoro baada ya kazi kuisha, kipite. Kwa fundi wa mtaani fanya vivyo hivyo kwa njia nyepesi: asilimia 10 ya ufundi inabaki, nusu unailipa majaribio yakipita, nusu baada ya nyumba kupigwa na msimu mmoja wa mvua. Tuseme ufundi wa bomba ni shilingi 1,500,000. Unabaki na 150,000, yaani 75,000 siku ya makabidhiano na 75,000 baadaye. Andikeni kwenye karatasi, mtie saini wote wawili na shahidi mmoja. Kama hukuandika mwanzoni, litaje jambo hili kabla hujatoa awamu ya mwisho. Na usizidishe: ukimzuilia fundi nusu ya jasho lake ataondoka mapema na kazi itakuwa imelala.

Nunua mkanda wa karatasi wanaoutumia mafundi rangi na daftari moja. Pita chumba kwa chumba, bandika kipande cha mkanda chenye namba penye kila kasoro, kisha andika kwenye daftari namba hiyo, chumba, tatizo, fundi anayehusika na tarehe ya kurekebisha. Pita mara mbili: mchana kwa mwanga wa dirisha, na usiku kwa tochi iliyolazwa karibu na ukuta ili mwanga upite sambamba nao. Mabonde na vinundu vya skimu (tabaka laini linalopakwa juu ya plasta) ambavyo mchana huvioni, usiku vitatoka vyote. Marumaru zigonge moja moja kwa mpini wa bisibisi au sarafu. Iliyoshika vizuri inatoa mlio mzito. Iliyo na uwazi chini inalia kama debe tupu. Uwazi mdogo katikati unavumilika. Uwazi kwenye kona haukubaliki, kwa sababu mguu wa friji au kitanda ukisimama hapo marumaru inapasuka.

Maji ndiyo yaanze

Maji yaanze kwa sababu mbili. Ndiyo yanayoharibu zaidi, na marekebisho yake yanabomoa ukuta, marumaru na rangi, yaani kazi za mafundi wengine watatu.

Mtihani wenyewe wa presha hufanywa kabla ya plasta: mabomba yanazibwa na kusukumiwa maji kwa pampu ya mkono, kisha geji inaangaliwa kama mshale unashuka. Kama ulifanyika, vizuri. Kama haukufanyika, bado kuna kipimo kinachowezekana. Jaza simtanki, funga maji yanayoingia, funga mabomba yote ndani ya nyumba na subiri matangi ya vyoo yajae. Pima kwa mti mnyoofu kutoka mdomo wa tanki hadi uso wa maji, andika, lala. Asubuhi pima tena palepale. Kwenye tanki lenye kipenyo cha mita 1.3, kila sentimita moja iliyoshuka ni takribani lita 13 zilizokwenda mahali fulani.

Zimekwenda wapi? Rudia usiku wa pili, safari hii koki kuu ya kuingia ndani ikiwa imefungwa. Maji yakishuka bado, tatizo liko kati ya tanki na koki. Yasiposhuka, liko ndani, na mshukiwa wa kwanza ni choo. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la choo na usiflashi kwa nusu saa. Ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani haukai vizuri au una mchanga. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Vyoo vikiwa safi na bado maji yanashuka, fundi bomba aje na pampu ya presha apime mstari mmoja mmoja, maji baridi peke yake na ya moto peke yake, kabla hajagusa nyundo.

Mabomba mapya huwa na uchafu ndani: mchanga, vipande vya plastiki vilivyokatwa, nyuzi za tepu nyeupe. Usipitishe maji kwenye hita ya kuogea kabla ya kuyasafisha mabomba hayo. Fungua vichwa vya shawa na vichujio vidogo vya midomo ya mabomba, kisha achia maji kila bomba dakika tano, ukianza na lililo karibu na tanki na kumalizia la mbali kabisa. Hita inayogoma wiki ya kwanza mara nyingi ni nzima. Kichujio chake kimeziba taka za ujenzi.

Kisha tanki lenyewe. Tanki jipya lina vumbi la saiti na harufu ya plastiki, na kuna uwezekano mafundi wamekuwa wakitumbukiza ndoo ndani. Lisugue kwa brashi na maji, limwage, lijaze, halafu tia dawa ya klorini kufikia miligramu 50 kwa lita. Kwa dawa ya maji ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, hiyo ni lita 1.4 hivi kwa kila lita 1,000 za maji. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65, ni gramu 75 hadi 80, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo. Dawa ya kufulia isiwe na manukato wala sabuni. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha angalau saa 12. Usiku mmoja unafaa. Mwambie kila mtu saiti kwamba maji hayo si ya kunywa. Baadaye yamwage juu ya ardhi mbali na miche, usiyapeleke kwenye shimo la maji taka, maana yataua vijidudu vinavyolifanya shimo lifanye kazi. Na usichanganye dawa hii na dawa kali ya kusafishia vyoo yenye asidi. Mchanganyiko wake unatoa gesi ya sumu.

Bafu: saa 24 za maji yaliyosimama

Ukipima kimoja tu katika nyumba nzima, pima sakafu ya bafu. Wengi wanaamini marumaru na grauti (kijazo cha mapengo kati ya marumaru) ndivyo vinavyozuia maji. Haviyazuii. Maji yanapenya grauti kila siku. Kinachoyazuia ni dawa iliyopakwa juu ya zege kabla ya marumaru, na iliyopandishwa ukutani angalau sentimita 15, na juu zaidi upande wa shawa. Fundi aliyeruka hatua hiyo haonekani mpaka rangi ya chumba cha pili ianze kuvimba juu ya skatingi.

Ziba tundu la maji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ukandamize vizuri. Kama bafu halina kizingiti, weka tuta dogo la udongo mfinyanzi au simenti laini mlangoni. Mwaga maji mpaka yawe na kina cha sentimita 2 hadi 3. Bandika kipande cha mkanda ukutani, chora mstari kwenye uso wa maji, andika saa. Baada ya saa 24, kushuka milimita mbili tatu ni maji kukauka hewani, hasa kukiwa na joto. Kushuka sentimita nzima ni kuvuja. Zunguka nje na vyumba vya jirani: pitisha kiganja chini ya ukuta, angalia rangi iliyobadilika, angalia pembe ya fremu ya mlango ambako mbao hunywa maji haraka. Nyumba ya ghorofa, angalia dari ya chini yake.

Waite fundi bomba na fundi marumaru wawepo pamoja. Akiwa mmoja peke yake, kosa ni la mwenzake daima. Bafu likifeli, usikubali suluhisho la kupaka grauti upya. Marumaru za sakafuni zing'olewe, dawa ipakwe mikono miwili, ijaribiwe kwa maji kabla ya marumaru kurudi, halafu ijaribiwe tena baada ya kurudi.

Likipita, ondoa kizibo, mwaga ndoo moja ya lita 20 na subiri dakika kumi. Penye kidimbwi, mteremko umekosewa. Kidimbwi cha ukubwa wa kiganja kivumilie. Kidimbwi karibu na mlango usikivumilie.

Tukiwa bado bafuni, kuna suala la presha. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya baa 1. Sakafu ya mnara wa tanki ikiwa mita 5 juu na kichwa cha shawa kikiwa mita 2, una mita 3, yaani baa 0.3. Maji yatatoka, lakini hita nyingi za umeme za papo kwa papo zitakuwa zinawaka na kuzimika, au zitatoa maji ya kuunguza kwa sababu yanapita taratibu mno. Soma kwenye boksi la hita presha ya chini inayotakiwa, kisha amua: kuinua tanki au kufunga pampu ndogo ya kusukuma. Hili liamuliwe mapema, kwani pampu inahitaji laini yake ya umeme.

Maji taka

Hapa kosa kubwa lina asili moja: fundi marumaru huosha ndoo na mwiko kwenye tundu la bafu lililo karibu naye. Simenti na grauti vinashuka, vinakaa kwenye mkunjo wa bomba, vinaganda. Bomba la inchi 2 linabaki na njia ya kupitisha kidole. Kwa hiyo fungua mifuniko ya chemba zote (vishimo vya ukaguzi kwenye njia ya maji taka), mtu mmoja asimame kwenye chemba, mwingine amwage ndoo ya lita 20 kwa mkupuo kwenye kila tundu, sinki na choo, kimoja kimoja. Maji yafike chembani kwa nguvu na kwa wakati mmoja. Yakija kwa kuchuruzika, kuna kitu ndani. Kisha flashi vyoo vyote pamoja, kila kimoja kikiwa na karatasi ya chooni, na hakikisha karatasi imefika kwenye shimo.

Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 25 kwa kila mita 10. Mteremko mdogo unaacha uchafu njiani. Kamba na pimamaji vinatosha kuthibitisha kati ya chemba na chemba. Ndani ya chemba kuwe na mfereji uliosakafiwa laini. Chemba yenye sakafu bapa hugeuka kituo cha kinyesi.

Shimo la maji taka lijaze maji hadi bomba la kutokea, liache saa 24. Likishuka, linavuja, na linachafua udongo kwa maji ambayo hayajatulia. Lisiposhuka, usiyatoe maji hayo: shimo huanza kufanya kazi likiwa limejaa. Kwa shimo la kunyonya, mwaga tanki zima la lita 1,000 na uangalie linachukua muda gani kuyameza. Kwenye mchanga wa Kigamboni yatapotea haraka. Kwenye mfinyanzi mweusi yanaweza kukaa siku mbili, na hapo familia ya watu sita italijaza kabla ya mwezi kuisha. Suluhisho la mfinyanzi ni kupanua eneo la kunyonyea kwa mfereji mrefu wenye kokoto, kwani kuchimba chini zaidi mara nyingi kunakukutanisha na maji ya ardhini. Kama una kisima, shimo la kunyonya liwe mbali nacho angalau mita 30, na la jirani nalo lihesabu.

Harufu ndani ya nyumba mpya, wakati bado hamna mtu, kwa kawaida ni mkunjo wa bomba uliokauka. Mimina lita mbili za maji kwenye kila tundu. Ikirudi baada ya hapo, tafuta bomba la kupumulia: liko wapi, limepita juu ya paa au limeishia darini?

Umeme

Wayaringi inatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na maombi ya kuunganishwa TANESCO siku hizi yanapitia mfumo wa NIKONEKT. Muombe fundi akuachie mchoro wa nyaya na fomu ya vipimo. Kipimo cha uimara wa kinga ya nyaya kwa volti 500 kisiwe chini ya megaomu 1, na nyaya mpya kwa kawaida zinapita hapo kwa mbali sana. Ikisoma karibu na 1 kwenye nyumba mpya, kuna waya umechubuliwa na msumari wa jipsamu au kuna unyevu kwenye boksi.

Vipimo unavyoweza kusimamia mwenyewe ni hivi. Nunua kitesta cha soketi chenye taa tatu na upite soketi zote. Kitakuonyesha waya za moto na nyutro zilizogeuzwa, na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) isiyounganishwa. Ethi iliyokatika haizuii taa kuwaka wala televisheni kufanya kazi, ndiyo maana watu hukaa nayo miaka. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa cha RCD, kinachokata umeme unapovuja, kwenye boksi la breka. Kikikataa kukata, kibadilishwe siku hiyohiyo. Kiwe cha miliampea 30. Nondo ya ethi iliyochomekwa kwenye kifusi kikavu nyuma ya nyumba ni pambo. Ihamishiwe kwenye udongo asilia wenye unyevu, na kiungo chake kiwe ndani ya kiboksi kinachofunguka ili kikaguliwe.

Linganisha breka na waya. Taa: waya wa milimita 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi: milimita 2.5 na breka ya 20 kwa laini ya kawaida. Hita ya shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 24 hivi kwa volti 230, kwa hiyo waya wa milimita 4 ndiyo mwanzo, 6 ni bora kama umbali ni mrefu, na breka ni 32. Ukikuta hita imefungwa kwenye laini ya soketi, simamisha kazi. Waya utachemka ndani ya ukuta, na breka ikikata sana atakuja mtu wa kuiongeza ukubwa badala ya kubadilisha waya. Nyumba zinaungua hivyo.

Halafu mzigo. Washa kwa pamoja kila kilichopo, pasi, birika, hita, kiyoyozi, pampu, kwa nusu saa. Gusa uso wa breka na vifuniko vya soketi kwa mgongo wa mkono: uvuguvugu sawa, moto wa kukufanya uondoe mkono hapana, skrubu haijakazwa. Baadaye zima na chomoa kila kitu, acha swichi kuu imewashwa, na utazame taa nyekundu ya mita ya LUKU. Ikiendelea kumwekamweka, kuna umeme unakwenda mahali usipopajua, na uniti zako ndizo zitakazolipa.

Kila breka iandikwe jina. Feni za dari ziendeshwe saa nzima kwa kasi ya mwisho. Inayocheza imening'inizwa kwenye jipsamu badala ya mbao au zege.

Paa, madirisha, milango

Nyumba nyingi humalizwa kiangazi, kwa hiyo paa halijawahi kuona mvua ya masika. Tengeneza mvua. Panda na mpira wa maji, anza sehemu ya chini ya paa na upande juu taratibu, dakika 15 kila eneo, mwenzako akiwa darini na tochi. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi. Tumia muda mwingi kwenye kona za ndani ambako paa mbili zinakutana, kuzunguka bomba la kupumulia, na chini ya kofia (bati linalofunika mgongo wa paa).

Nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta zina hatari yake ya pekee. Maji yote yanaingia kwenye gata la ndani, na gata likiziba kwa majani maji yana njia moja tu, darini kwako. Gata hilo liwe na matundu mawili ya kutokea na tundu la tatu la dharura, juu kidogo, linalomwaga nje ya ukuta ambapo utaliona likilia. Jaza gata maji, liache usiku kucha.

Madirisha ya aluminiamu yana vitundu vidogo chini ya reli ya nje vya kutolea maji. Mafundi plasta na rangi huviziba. Vitoboe kwa msumari mwembamba, kisha piga dirisha maji ya mpira kwa dakika kumi.

Milango ya mninga au mkongo huvimba masika hata ikiwa imekauka vizuri. Acha nafasi ya milimita 3 pande zote. Weka simu chini ya mlango, kamera ikitazama juu, upige picha: utaona kama ukingo wa chini umepakwa vanishi. Mara nyingi haujapakwa, na wa juu vilevile, kwa sababu hakuna anayeutazama. Maji ya deki hupanda kwa hapo. Teremsha mlango, paka mikono miwili, rudisha.

Unyevu

Kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa mkanda pande zote nne, iache saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, usiweke zulia, sakafu ya mbao wala kabati la kujengea. Fungua madirisha mchana, subiri wiki, rudia. Kuta zenye unga mweupe zina chumvi, jambo la kawaida karibu na bahari na pale ulipotumika mchanga au maji yenye chumvi. Ipanguse kwa brashi kavu, kwa sababu maji yanairudisha ndani ya ukuta, na usipake rangi mpaka iache kutoka. Makabati yakae sentimita 5 kutoka ukuta wa nje kwa mwaka wa kwanza.

Gesi na funguo

Mtungi ukae nje, kwenye kijumba chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na inajikusanya mabondeni. Usiuweke karibu na chemba wala tundu la maji machafu. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni. Mapovu yakikua, kaza au badilisha.

Silinda za vitasa vya nje zibadilishwe siku ya kuhamia, baada ya fundi wa mwisho kutoka. Funguo za ujenzi zimepita mikono mingi. Grili nazo: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa ndani, na kila mtu ndani ya nyumba ajue ufunguo unaning'inia wapi.

Ofisini na kwenye faili

Rudi halmashauri ilikotoka kibali cha ujenzi uombe ukaguzi wa mwisho na kibali cha kutumia jengo. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanaikumbuka wakitaka mkopo au kuuza. Nenda serikali ya mtaa ujiandikishe kwenye daftari la wakazi, uulize namba ya anwani ya makazi na utaratibu wa taka. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hakikisha mita imesajiliwa kwa jina lako. Kwenye faili weka picha za mabomba na nyaya kabla ya plasta, namba za rangi ulizotumia, na risiti za vifaa vyenye dhamana. Bakiza boksi mbili za kila aina ya marumaru. Toleo lijalo halitafanana rangi.

Ukilazimika kuhamia haijaisha

Nyumba haiishi, na wengi huhamia ikiwa nusu. Hakuna ubaya, mradi unajua kinachosubiri na kisichosubiri. Vinavyosubiri: pevingi, rangi ya nje, dari ya jipsamu vyumbani, makabati ya jikoni, marumaru za vyumba vya kulala. Visivyosubiri: paa, choo kimoja na bafu moja vilivyofaulu majaribio yote ya juu, ethi na RCD, milango ya nje na vitasa, nyavu za mbu, na mifuniko mizito ya mashimo na chemba. Mfuniko wa bati au mbao juu ya shimo la maji taka kwenye nyumba yenye watoto haufai hata kwa usiku mmoja. Na kama marumaru zitawekwa ukiwa ndani, anzeni vyumba vya nyuma mkija mbele, ili mafundi wasikanyage kazi ya jana.

Miezi ya kwanza

Nyufa zitatokea. Zile nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kukauka. Ziache mpaka mvua zipite, kisha zijazwe na kupakwa rangi mara moja. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango ufuatilie. Chora kistari cha penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe pembeni, na upime upana kila mwezi. Ukipita kistari, ukifika milimita 3, au milango ya chumba hicho ikianza kukwama, mwite mhandisi aangalie msingi kabla fundi rangi hajaujaza. Na ile nusu ya hela iliyobaki, ilipe baada ya kupanda darini na tochi siku mvua kubwa ya kwanza inapokatika.